Newala: fedha za maendeleo tuziombee hosteli ya wasichana au mikopo ya vikundi?

Mjumbe wa Kijiji, Newala

Ndugu zangu wa Kusini, habari za majukumu. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji huku kwenye uwanda wa Makonde. Sekondari ya kata iko mbali nasi, na mabinti wetu wengi hupanga vyumba karibu na shule, wawili au watatu katika chumba kimoja chenye jiko la mkaa mlangoni, wakijipikia na kujilinda wenyewe. Mkutano mkuu wa kijiji unakaribia, na tunatakiwa kupeleka vipaumbele vyetu kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Wazee wanataka tuombe hosteli. Vijana wanasema majengo yametosha, kwa kuwa waliomaliza kidato cha nne wanashinda vijiweni au wanakwenda Kariakoo kutembeza bidhaa, hivyo nguvu zote zielekezwe kwenye mikopo ya asilimia kumi, ile ambayo halmashauri hukopesha vikundi kutoka mapato yake ya ndani. Je, fedha hizi ni fungu moja la kugawana, au ni mafungu tofauti? Na hosteli ikijengwa, nani ataiendesha?

Diwani Mstaafu, Tandahimba

Ndugu mjumbe, swali lako la kwanza lina jibu la kisheria: ni mafungu tofauti, na mkiyashindanisha mtajipunja wenyewe. Asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kwa sheria, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, tena bila riba, na haiwezi kuchukuliwa ikajenga hosteli. Hosteli huombewa katika fedha za maendeleo zitokanazo na mapato hayo ya ndani, katika Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo uliowekwa na sheria ya mwaka 2009, au katika miradi ya Serikali Kuu, kama ule wa mwaka 2021 uliojenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Mfuko wa jimbo ni mdogo. Unafaa kumalizia boma ambalo wananchi wamekwisha kulinyanyua, si kuanza jengo kutoka msingi.

Linaloniumiza mimi ni chanzo chenyewe. Halmashauri zetu zinaishi kwa korosho, na tangu mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia tatu ya bei ya mkulima. Bei mnadani ikishuka, ushuru unashuka, na ile asilimia kumi inapungua pamoja nao. Msimu wa 2018/19, wanunuzi walipokwama na Serikali kwenye bei, hata Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, tuliona wazi jinsi mipango ya zao moja inavyoyumba. Kwa hiyo ombi lenu liingie kwenye bajeti mapema, na kila robo mwaka mkaulize limefikia wapi.

Mama wa Kikundi, Lindi

Ninakubaliana na mheshimiwa, ila vijana wasidhani mikopo hiyo ni fedha nyepesi. Kikundi chetu cha wanawake kinabangua korosho. Korosho ghafi hupikwa kwa mvuke, hupasuliwa mojamoja kwa mashine ya mkono, hukaushwa kwenye oveni, kisha humenywa ganda la ndani kwa kisu kidogo. Na mafuta ya ganda la nje yakigusa ngozi huiunguza, ndiyo maana tunapaka mafuta ya kula vidoleni kabla ya kuanza. Iliyobaki nzima hupata bei nzuri, lakini iliyovunjika huuzwa kwa hasara.

Mkopo wetu uliingia benki minada ilipokuwa imekwisha, na kwa kuwa korosho ghafi hupita kwenye stakabadhi ghalani, yaani hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, hatukupata mzigo wa kununua. Tulianza kurejesha kabla hatujabangua hata gunia moja. Vijana waombe kwa kufuata kalenda ya kazi yao, na katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao na akaunti ya benki vifike kwa afisa maendeleo ya jamii miezi kadhaa kabla ya msimu. Mikopo hii ilisimamishwa nchi nzima mwaka 2023 kutokana na ubadhirifu na vikundi hewa, ikarejea mwaka 2024 kwa taratibu mpya, hivyo kikundi kilichoundwa haraka haraka kwa ajili ya fedha tu hakitafika mbali.

Mwalimu wa Sekondari, Masasi

Nijibu lile la uendeshaji, kwa sababu hapo ndipo hosteli nyingi za kata hufia. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Hata hivyo ruzuku ya shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka ni ya kuendeshea masomo. Haikupigiwa hesabu ya chakula cha hosteli katika shule ya kutwa. Nimeshuhudia hosteli nzuri, vitanda vikiwa bado na nailoni, ikigeuzwa stoo ya madawati kwa kukosa maji na matroni.

Kwenu uwandani maji ni shida ya miaka yote. Andikeni katika ombi hilohilo mifereji ya paa, tangi kubwa la kuvunia maji ya mvua, vyoo na chumba cha matroni, maana vikiachwa viombwe baadaye havitakuja. Kuhusu chakula, malipo ya korosho hutoka kati ya Oktoba na Desemba, na shule hufunguliwa Januari. Wazazi wakikubaliana katika mkutano mkuu wa chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima unaouza korosho zao, wanaweza kuridhia makato madogo kwa kila kilo, yaandikwe kwenye muhtasari na hesabu yake ibandikwe kwenye ubao wa matangazo.

Mjumbe wa Kijiji, Newala

Ninawashukuru sana. Hosteli, tangi na chumba cha matroni tutavipeleka kama ombi moja, na suala la makato nitalifikisha kwa viongozi wa chama cha msingi wiki hii. Vijana nao nimewaomba walete katiba ya kikundi chao kabla ya mkutano, ili afisa maendeleo ya jamii wa kata aipitie wakiwepo.