Hilux ya dizeli ya zamani: mbona ikiendeshwa kila siku inakuwa nyepesi?

Muulizaji_Malindi:
Asalaam aleikum. Hilux ya 1996, injini 3L (ni jina la injini, si lita 3). Ikienda Kilifi na kurudi siku tatu mfululizo inavuta vizuri na moshi unapungua. Ikikaa wiki mbili, au ikizunguka Maweni na sokoni tu, asubuhi starta inapigwa mpaka betri inachoka, ikiwaka inatoa moshi mweupe, na mwendo ni mzito. Kuendeshwa ndiko kunakoiponya, ama kuna ugonjwa umejificha?

Fundi_Barani:
Waleikum salaam. Hayo ni mambo mawili, usiyachanganye.

Mwendo mzito ni masizi. 3L huanza kuchoma dizeli ndani ya kichumba kidogo kwenye silindahedi, na kichumba kikiwa baridi dizeli haiungui yote. Safari ya kilomita 3 haiipi injini nafasi ya kupata moto: masizi yanashika ncha za nozeli zinazopulizia dizeli, ringi za pistoni zinanata, na dizeli iliyobaki inateremkia kwenye oili. Kwa hiyo ikimbize. Pima oili na maji, nenda pole dakika 10 mpaka mshale wa joto utulie, kisha shika 80 kwa gia ya 4, si ya 5, dakika 30 hadi 40. Kilifi ni kama kilomita 60, yatosha, mara moja kwa wiki. Kuiacha ikinguruma uani nusu saa si kuendesha. Huko ni kuongeza masizi.

Kuchelewa kuwaka ni hewa: pana mahali panavuja na dizeli inarudi tenki gari likilala. Asubuhi kabla ya kuwasha, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka ikaze. Ukibonyeza sana ndipo ikaze, kisha gari likawaka upesi, jibu umelipata. Mara nyingi mkosaji ni mpira wa ndani wa pampu hiyo hiyo. Kuhakikisha, funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani, sentimita 30, kati ya filta na pampu ya dizeli. Ukiona mapovu, hewa inaingia upande wa filta au tenki. Usipoyaona, tazama mipira ya kurudishia dizeli, hupasuka kwa uzee. Kipande hicho ni cha kupimia tu, kitoe.

Mambrui_4x4:
Sawa, lakini thamostati ipo, ile vali inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto? Huku pwani mafundi wengi huing'oa, eti gari lisichemke! Bila hiyo hata ufike Mombasa injini haipati moto wake, na masizi yapo pale pale. Nyingi hufunguka karibu nyuzi 82.

Na moshi mweupe unaonuka dizeli, pima plagi za kupasha, zile zinazopasha kichumba kabla ya kuwasha, moja moja kwa mita. Nzima husoma karibu omu 1 au chini yake, iliyokatika haisomi kitu. Joto la Malindi lisikudanganye, injini ya kichumba yazitaka hata wakati wa kaskazi.

Muulizaji_Malindi:
Thamostati haipo, kweli. Pampu ya mkono imekaza baada ya mara 20 hivi. Maji kwenye dizeli nitayajuaje?

Fundi_Barani:
Mara 20 ni hewa hiyo, anza hapo. Kisha rudisha thamostati.

Maji: legeza kizibo cha chini ya filta, kinga nusu kikombe kwenye chupa nyeupe, subiri dakika 10. Maji hukaa chini. Tenki likilala nusu, unyevu wa huku hugeuka maji ndani yake, basi jaza kabla ya kuegesha. Ukikuta ute mweusi, hivyo ni vijidudu vinavyokaa kati ya maji na dizeli. Tenki lishushwe lioshwe, la sivyo utanunua filta kila mwezi.

Oili badilisha kila kilomita 5,000 au miezi 6, kitakachotangulia. Betri iliyojaa husoma volti 12.6; ikishuka chini ya 12.4, chaji.

Mambrui_4x4:
Na ikilala wiki mbili karibu na bahari usivute hendibreki. Viatu vya breki hushika kutu na ngoma. Tia gia, weka jiwe.