Rangi kubanduka ukutani Dodoma: tupeane uzoefu

Fundi_Ilazo: Wakuu, mvua za Desemba zikianza tu, kuta za hapa mjini zinatoa malengelenge, na wiki ya pili rangi inaning'inia. Wenye nyumba wanalaumu kopo, wakati kosa mara nyingi liko chini ya rangi. Nyie mnazuiaje?

Mama_Kisasa: Vumbi jekundu. Ukuta uliosafishwa asubuhi, mchana upepo umeshaurudishia. Pitisha kiganja, kikitoka na unga, usipake.

Lipu_Kwanza: Malengelenge yamenikumbusha ukuta mmoja wa Nkuhungu. Lipu ilipigwa Oktoba, haikumwagiwa maji hata siku moja, jua na upepo vikaimaliza. Juu yake skimu ya jipsamu, yaani tabaka jembamba la kulainisha ukuta, tena nje! Kisha rangi ya mafuta, yote ndani ya wiki mbili. Mvua kubwa ya kwanza ilipopiga, maji yakaingia kwenye nyufa, jipsamu ikalainika kama uji, na rangi ya mafuta haipitishi unyevu kirahisi. Ukuta ukatuna tumbo la ukubwa wa sinia, halafu kipande cha karibu mita mbili kikashuka kizima, skimu na rangi vimeng'ang'aniana. Kikianguka kipande, kigeuzeni msome mgongo wake. Una unga mweupe: skimu ndiyo iliyoachia. Una mchanga: lipu haina nguvu. Ni mlaini, unang'aa: rangi haikushika tabaka la chini.

Mama_Kisasa: Mita mbili! Mungu apishe mbali, pasiwe na mtoto anacheza chini.

Tabaka_Tatu: Lipu mwagia maji siku 7, asubuhi na jioni. Kisha iache hadi itimize siku 28, ndipo upake praima, yaani rangi ya msingi ya kushikisha, inayohimili alkali. Saruji mbichi ina alkali kali, na rangi ya mafuta ikikutana nayo kwenye unyevu inageuka sabuni.

Mzee_Makulu: Siku 28 nani anazisubiri? Changanyeni gundi nyeupe kwenye koti la kwanza la rangi, inashika.

Lipu_Kwanza: Hapana mzee wangu, kwa heshima zote. Hiyo gundi nyeupe ya mbao ikilowa inalainika upya. Utakuwa umeweka tabaka la kuteleza katikati.

Mzee_Makulu: Sebuleni zinadumu.

Lipu_Kwanza: Sebuleni hakunyeshi. Hapa tunazungumzia nje.

Tabaka_Tatu: Kabla hamjagombana, pimeni unyevu. Nailoni angavu, sentimita 45 kwa 45, ibandike ukutani kwa selotepu kingo zote nne, iache saa 16 au zaidi. Ukikuta umande kwa ndani, ukuta bado una maji.

Dada_Nala: Na kule chini, karibu na msingi, kunakochanua unga mweupe kila mwaka?

Fundi_Ilazo: Hiyo ni chumvi, dada. Maji yanapanda toka ardhini kwa sababu msingi hauna dipisii (DPC, tabaka la kuzuia maji yasipande ukutani), au lipu ilichanganywa kwa maji ya kisima yenye chumvi. Usiioshe, maji yataiyeyusha irudi ndani. Isugue kwa brashi kavu, kusanya unga utupe mbali, rudia mpaka ikome. Kama maji bado yanapanda, rangi yoyote utakayopaka pale itatoka.

Geti_Imara: Msisahau mabati. Rangi ya mafuta moja kwa moja kwenye bati jipya inabanduka kama karatasi, zinki inaikataa. Osha kwa sabuni utoe mafuta ya kiwandani, suuza, kausha, piga msasa mwepesi, weka praima ya mabati.

Dada_Nala: Asanteni. Rangi ya zamani nikwangue yote?

Tabaka_Tatu: Kwangua inayoachia, kingo zilainishe kwa msasa. Kwenye iliyobaki chora miraba midogo kwa wembe, bandika selotepu, igandamize vizuri, vuta kwa haraka. Ikija na miraba, endelea kukwangua.