Twin Falls hadi Denver kwa gari mwezi wa 12, watoto wanne: barabara na sheria za Wyoming zikoje?

MamaWanne (Twin Falls, Idaho)
Habari zenu ndugu. Shemeji yangu anaoa Denver, Jumamosi ya katikati ya Desemba. Tunakwenda na gari la Toyota Sienna isiyo four-wheel, mimi na baba watoto, na watoto wa miezi 16, miaka 5, 8 na 15. Simu inatupitisha Ogden, Evanston, Rock Springs, Rawlins, Laramie, kama maili 700. Tulikuwa tunataka kutoka Ijumaa alfajiri tuingie usiku. Naomba kujua: sheria ya viti vya watoto inabadilika ukivuka jimbo? Wanaosema barabara kuu ya I-80 hufungwa, wana maana gani, na ikifungwa tunazungukia wapi? Wote wawili tuna grini kadi, tubebe makaratasi gani?

TrelaLaUsiku (Cheyenne, Wyoming)
Dada, ondoa kwanza mpango wa Ijumaa. Tokeni Alhamisi, mlale Rock Springs, ambayo ni karibu nusu ya safari. Asubuhi kabla ya kulipa mafuta, piga 511 au fungua tovuti ya barabara ya Wyoming uone hali ya kipande cha Rawlins–Laramie. Hicho ndicho kinachoharibu harusi za watu.

Tatizo la pale ni upepo kuliko theluji inayoanguka. Upande wa Elk Mountain na Arlington upepo huokota theluji iliyolala shambani na kuivusha barabarani kama vumbi jeupe. Juu mbingu ni samawati, jua linawaka, na wewe huoni boneti ya gari lako. Kwa hiyo usishangae kukuta geti la kufungia barabara limeshushwa huku hali ya hewa ya mjini ikionekana nzuri.

Geti likishushwa, limeshushwa kisheria. Kuendesha kwenye barabara iliyofungwa bila ruhusa ni faini hadi dola 750, kifungo hadi siku 30, au vyote viwili. Na kuna kitu wageni hawakielewi: wakati mwingine wanafunga njia mjini Rawlins ilhali mbele ni pazuri, kwa sababu Rawlins yenyewe haina tena nafasi ya kuegesha malori wala vyumba vya kulala. Ndiyo maana nasema Rock Springs, si Rawlins.

Kuzunguka? Simu itakupa njia ya US-30 kupitia Medicine Bow, au mbaya zaidi, vijia vya udongo vya wafugaji. Ile ya Medicine Bow mara nyingi hufungwa pamoja na I-80, na vile vijia havisafishwi wala havina mtandao. Usiifuate simu hapo. Subiri.

Kasi: kuna vibao vya umeme vinavyobadilika namba. Kikiandika 45, hiyo ndiyo sheria ya saa hiyo, hata kama kibao cha chuma pembeni kinasema 75.

KitiSalama (Salt Lake City)
Kuhusu viti: ndiyo, inabadilika, na mtoto wako wa miaka 8 ndiye anayenaswa. Idaho inadai kiti kwa mtoto wa miaka 6 kushuka chini. Utah ni mpaka atimize miaka 8, isipokuwa amefika urefu wa inchi 57. Wyoming na Colorado ni mpaka atimize 9. Maana yake huyo wa 8 anakaa na mkanda tu nyumbani kwenu, akifika Evanston anahitaji busta, yaani kiti cha kumwinua ili mkanda umkae sawa. Chukua sheria kali ya njia nzima na umkalishe kwenye busta tangu mlangoni. Busta isiyo na mgongo yatosha kama kiti cha gari kina kiegemezo cha kichwa.

Wa miezi 16 aangalie nyuma. Colorado tangu Januari 2025 inadai hivyo kwa aliye chini ya miaka 2 na chini ya pauni 40. Wote hawa wakae viti vya nyuma.

Kosa la baridi, na akina mama wengi hulifanya kwa huruma: kumfunga mtoto mkanda akiwa na koti nene. Ajali ikitokea koti linabonyea, mkanda unabaki umelegea, mtoto anachomoka. Mvue koti, kaza mikanda mpaka usiweze kuubana utepe kwa vidole begani, klipu ya kifuani iwe usawa wa makwapa, kisha mfunike blanketi juu.

BabaFurahi (Aurora, Colorado)
Kwa nini wasipite chini, Price, Grand Junction, halafu I-70? Wyoming ya nini yote hiyo?

TrelaLaUsiku
Inawezekana, ila si dawa. I-70 kati ya Dotsero na Morrison, kuanzia 1 Septemba hadi 31 Mei, Colorado inadai tairi zinazofaa. Sienna ya magurudumu ya mbele lazima iwe na tairi za theluji au zenye alama ya M+S (matope na theluji), na kina cha kashata kisipungue inchi 3/16, la sivyo ubebe minyororo. Kule mlima ni mrefu zaidi na Ijumaa jioni ni foleni ya watelezaji. Mimi ningeshika Wyoming nikiwa na siku moja ya akiba.

Minyororo nunua Twin Falls, saizi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, na mjifunze kuifunga uani kukiwa na mwanga. Kwenu inakaa magurudumu ya mbele.

Garini: tangi lisishuke chini ya nusu, maji ya kioo yasiyoganda, koleo dogo, blanketi moja kwa kila mtu, nepi za siku mbili. Mkikwama, bakini ndani. Washa injini dakika 10 kwa saa, lakini kwanza shuka ufukue theluji kwenye ekzosi. Ikiziba, moshi unarudi ndani, na gesi yake ya sumu haina harufu ya kukuamsha.

Wakala_wa_Fomu (Boise)
Makaratasi: sheria ya shirikisho inamtaka kila mwenye grini kadi wa miaka 18 na zaidi awe nayo mwilini, kadi yenyewe, si picha ya simu. Nakala ziacheni nyumbani kwa mtu mnayemwamini. Ongezeni leseni, kadi ya gari na bima.

Pombe ya zawadi iende buti, haijafunguliwa. Kiwango cha pombe kwenye damu ya dereva: Utah kosa ni 0.05, Idaho na Wyoming ni 0.08, na Colorado ni 0.08 ila ukizidi 0.05 tayari kuna kosa dogo. Na wakati wa kurudi, kagueni mifuko ya vijana wa harusini: peremende za bangi ni halali Colorado, lakini Wyoming na Idaho ni kosa, hata kama risiti unayo.

MamaWanne
Asanteni sana. Tunatoka Alhamisi. Swali la mwisho: tukigonga mnyama nani analipa?

Wakala_wa_Fomu
Akiwa kulungu au swala, hakuna wa kumdai. Akiwa ng'ombe kwenye eneo la malisho huru Idaho, yaani mifugo hutembea bila uzio, mwenye ng'ombe halipi gari lako. Na msiifananishe bima ya hapa na "bima kubwa" ya nyumbani. Kugonga mnyama kunalipwa na kipengele cha comprehensive. Ukimkwepa ukavaa uzio, hicho ni kipengele kingine, collision. Wenye bima ya kulipa wengine tu hawapati kitu kwa yote mawili. Soma karatasi yako leo. Njiani ukimwona, kanyaga breki ukiwa umenyooka, usikwepe, na tarajia wa pili nyuma yake.

BabaFurahi
Mkikaribia Denver, iambieni simu ikwepe barabara za kulipia. E-470 haina pa kutoa pesa taslimu, kamera inasoma namba ya gari na bili inawafuata Twin Falls.