Maombi ya kusajili kiuatilifu yamerudi na barua ya mapungufu, tufanyeje?

Mpuliziaji
Wakuu, heshima kwenu. Naandaa nyaraka za usajili kwenye kampuni ndogo ya viuatilifu. Ada tulilipa, jalada likapokelewa, tukawa tunasubiri cheti. Imekuja barua: hakuna majaribio ya mabaki ya sumu kwenye mazao wala ya madhara kwa nyuki. Bosi anasema tujibu tu kwamba "majaribio yanaendelea". Je, wanaweza kutupa cheti huku data iko njiani?

KaratasiNyingi
Mkuu, hiyo barua imetoka hatua gani? Kwenye uhakiki wa awali wanaangalia kama kila kitu kimo, hawajasoma ubora wake. Mfano Umoja wa Ulaya, kanuni Na. 1107/2009 kwa viambato amilifu (kemikali yenyewe inayofanya kazi ndani ya dawa): nchi inayoshughulikia maombi ina siku 45 za kuhakiki. Kikipungua kitu, mwombaji anapewa muda usiozidi miezi 3, ukipita maombi hayapokelewi. Wakishaanza tathmini ni habari nyingine, wanaweza kudai taarifa zaidi na siku zao zinasimama kuhesabiwa mpaka ulete.

Mpuliziaji
Bado tuko kwenye uhakiki wa awali.

KaratasiNyingi
Basi hujaharibikiwa. Ila usikae kimya. Marekani, mwombaji asipojibu barua ya mapungufu ndani ya siku 75, EPA (mamlaka yao ya mazingira) inaweza kuyahesabu maombi kuwa yameondolewa.

bibi_shamba
Kuhusu cheti kabla ya data: Marekani kipo, kinaitwa usajili wa masharti. Mwaka 2003 clothianidin, dawa ya kuua wadudu, ilisajiliwa hivyo, ikidaiwa utafiti wa nyuki. Utafiti ukaletwa, EPA ikaukubali, halafu mwaka 2010 ikaushusha hadhi kuwa wa nyongeza tu, yaani hautoshi peke yake. Muda wote huo dawa iko shambani! Mimi sioni ubaya mamlaka zikikaza hapo.

Mpuliziaji
Duh. Na bosi ndiyo anataka njia hiyo hiyo.

Maabara_Kwanza
Neno "yanaendelea" peke yake halimshawishi mkaguzi. Peleka mkataba wa maabara, mpango wa jaribio na tarehe ya ripoti. Hakikisha maabara inafuata kanuni za utendaji bora wa maabara, la sivyo ripoti yenyewe inaweza kukataliwa. Kama kuna kampuni yenye data ya kiambato hicho hicho, ombeni barua ya idhini ya kuitumia. Na kama dawa ni ya kutumika ndani ya ghala lililofungwa, omba kusamehewa la nyuki kwa hoja ya kisayansi.

Mpuliziaji
Yetu inapuliziwa mazao yakiwa na maua.

Maabara_Kwanza
Hapo la nyuki halikwepeki. La mabaki ndilo refu zaidi, linafuata msimu wa zao. Kama muda waliowapa hautoshi, waulizeni mapema kama mnaweza kuyaondoa maombi wenyewe na kurudi jalada likiwa limejaa. Ulizeni na hatima ya ada.

Mpuliziaji
Shukrani wakuu. Kesho naomba kikao nao. Bosi nitamwambia habari ya msimu akishakunywa chai.