Juzuu ya 10 ya The Wheel of Time: kuruka, kuchagua sura, kusikiliza au kusukuma hadi mwisho?

MsomiWaTudor

Assalam aleikum wanajukwaa. Nawauliza mliomaliza mfululizo wote wa Robert Jordan. Juzuu ya 9, Winter's Heart, inaishia kwa tukio zito kuliko yote yaliyotangulia: Rand, mhusika mkuu, anaisafisha nusu ya kiume ya Nguvu (chemchemi ya uchawi) pale Shadar Logoth, mji uliolaaniwa. Ukifungua ya 10, Crossroads of Twilight, unatarajia dunia iwe imepinduka. Unakutana na mikutano, chai, nguo, na watu wakiulizana ule mwanga wa mbali ni wa nini. Kwa hadithi niliyoipenda hivi, inauma.

Njia nnazoziona ni hizo nne za kwenye kichwa cha uzi. Ipi inapoteza kidogo zaidi kabla ya kuingia juzuu ya 11? Na je, tatizo hili ni lile lile la A Feast for Crows ya George R. R. Martin, ama ni ugonjwa mwengine?

Bin_Makadara

Waaleikum salaam ndugu. Tahadhari kwa wengine: nataja matukio ya juzuu ya 10.

Jordan alirudisha saa nyuma. Sehemu kubwa ya kitabu inapita katika siku zile zile za mwisho wa juzuu ya 9, kila kundi likionyeshwa lilikuwa wapi Nguvu ilipokuwa ikiwaka. Wewe msomaji unajua kilichotokea, wao hawajui. Kwa hiyo swali linalowakosesha usingizi kwa mamia ya kurasa wewe ulishajibiwa. Mwendo unafia hapo. Wanaosema shida ni urefu wamekosea, maana juzuu ya 4, The Shadow Rising, ni ndefu kuliko hii na haichoshi hata kidogo.

Mimi ni wa kuchagua sura, na kitabu chenyewe kinaruhusu. Kina utangulizi mrefu, sura 30 na hitimisho, na sura zimekaa kwa makundi ya wahusika. Mat yuko 1 hadi 3, kisha 28 na 29. Hizo soma neno kwa neno, kwa sababu safari yake na Tuon ndani ya kundi la maonyesho ndiyo mzizi wa juzuu ya 11. Perrin na mkewe Faile wana 5 hadi 9 na 25 hadi 27. Hapa 5 hadi 8 pitisha macho tu, tulia kwenye ya 9 (Faile mwenyewe, mateka wa kabila la Shaido), halafu 26 na 27. Ya 27 usiiguse kwa haraka: anachomfanyia mateka, na kulitupa lile shoka, ndiko kunakoeleza Perrin utakayemkuta baadaye. Rand ana sura moja tu ya maana, ya 24. Ya 21 na 22 ziko ndani ya White Tower, makao ya Aes Sedai (wanawake wenye uchawi), ni fupi na zina mambo.

Elayne, anayegombea kiti cha enzi ndani ya mji wa Caemlyn, ana 10 hadi 15; muhtasari unatosha.

Egwene, anayewaongoza Aes Sedai walioasi, ana 16 hadi 20 na ile ya mwisho, ya 30. Kosa ninaloliona mara nyingi ni msomaji aliyechoka na mikutano ya kambini kuiruka na ya 30, akidhani ni mkutano mwengine. Hiyo ndiyo sura inayotokea jambo. Juzuu ya 11 inamchukua Egwene pale pale ilipomwacha, na ukiwa hukuisoma utashangaa yuko wapi na kwa nini.

Kaskazi_na_Kusi

Nakubali yote isipokuwa Elayne. Hapo nina neno.

Watu husema sura za Caemlyn zinachosha kwa sababu ni habari za kuzingirwa mji. Sisi watu wa Mombasa tusiseme hivyo. Fort Jesus ilizingirwa kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na hakuna kisa kinachokaza roho kuliko hicho: chakula kinapungua, maradhi yanaingia, kila jahazi linaloonekana baharini ni tumaini au ni mauti. Kuzingirwa ni saa inayohesabu. Jordan aliizima saa hiyo mwenyewe. Ndani ya Caemlyn wako wanawake wanaoweza kufungua njia za uchawi na kuingiza chakula kutoka mbali, basi njaa haibishi hodi kama inavyopaswa. Ukiondoa njaa, hesabu inayobaki ni ya nyumba ipi ya kitemi itamuunga mkono nani, na majina ni mengi mno.

Kwa hiyo soma ya 10 peke yake, upate kuuona ule mwanga kutoka upande wake na ujue ana nani na anapingwa na nani. Kisha chukua muhtasari wa 11 hadi 15.

Na angalieni muhtasari mnaoutumia. Ukitafuta jina la mhusika kwenye intaneti, ukurasa wake utakueleza maisha yake yote hadi juzuu ya 14, pamoja na kifo kama amekufa. Tafuta muhtasari wa sura kwa sura, na uandike namba ya sura unapotafuta, si jina la mtu.

Dada_wa_Mwembe_Tayari

Kwa kitabu hiki hasa, kusikiliza kunashinda kuruka. Wasomaji ni Michael Kramer na Kate Reading; Michael anasoma sehemu zinazoonwa na wanaume, na Kate zile za wanawake. Sauti ikibadilika unajua umehamia kwa nani kabla hata jina halijatajwa, na katika juzuu yenye wahusika wengi hivi hilo ni msaada mkubwa.

Kitabu ni takriban saa 26. Ukikaza mwendo hadi 1.25 zinabaki kama 21, na kwa 1.5 ni 17 na ushei. Mikutano ya Egwene inavumilika vizuri kwa 1.5. Sura za Mat zirudishe kwenye mwendo wa kawaida, maana utani wake uko kwenye kutua kwa sauti, na ukiukimbiza unaupoteza.

Yanayoharibika: majina. Aes Sedai wanaotajwa ni wengi, na sikio halioni tahajia, kwa hiyo wawili wenye majina ya kukaribiana watakuwa mtu mmoja kichwani mwako. Nyuma ya kitabu cha karatasi kuna faharasa ya majina na maneno. Iweke wazi mbele yako kwa sura za 16 hadi 20. Na usisikilize sehemu hizo ukivuka Likoni. Kelele za kivukoni zinakula nusu ya maneno, kisha unarudia, na saa 17 zinakuwa 25. Kwenye feri weka Perrin: matukio yake machache na makubwa hayapotei hata ukikosa sentensi mbili. Pakua nyumbani kwenye Wi-Fi, faili zake ni nzito kwa bando.

MsomiWaTudor

Ahsanteni sana. Na A Feast for Crows? Nauliza kwa sababu huvunja watu moyo vile vile.

Bin_Makadara

Pale hadithi haikusimama, ilipasuliwa. George R. R. Martin alikuwa na kitabu kimoja kilichomzidi ukubwa, akakigawa kwa wahusika badala ya kukikata katikati, na mwishoni mwa Feast (2005) aliwaeleza wasomaji hivyo. Kwa hiyo Jon, Tyrion na Daenerys hawana sura zao hata moja humo. Walikuja na A Dance with Dragons mwaka 2011. Aliyefungua Feast kwa ajili ya Tyrion hana sura ya kuchagua. Kuruka hakumsaidii.

Dawa yake ni kuchanganya. Sura 46 za Feast na 73 za Dance, ukihesabu tangulizi na hitimisho, wasomaji wamezipanga kwa wakati wa matukio, na orodha hizo zinapatikana. Faida yake unaiona mapema: Jon anapomtuma Samwell aondoke, tukio hilo liko katika vitabu vyote viwili, mara moja kwa macho ya huyu na mara moja kwa macho ya yule. Ukiyasoma kwa kufuatana unaona ni nini kila mmoja alikificha.

Kaskazi_na_Kusi

Lakini asichanganye mtu anayesoma mara ya kwanza, tafadhali. Kuporomoka kwa Cersei ndani ya Feast kuna kasi yake, hatua moja inazaa nyengine, na ukitia sura tatu za Meereen, mji wa Daenerys, katikati unaivunja. Brienne naye anatafuta polepole; ukizidi kumtawanya unasahau anamtafuta nani. Mara ya kwanza soma kama vilivyochapishwa. Kuchanganya ni kwa mara ya pili.

Bin_Makadara

Kwa Cersei umeniweza. Nakubali.

Mwana_wa_Kuze

Niongeze aina ya tatu, kwa sababu inachanganywa na hizi mbili na hainistahilii kunyamaza: Tehanu ya Ursula K. Le Guin, katika mfululizo wa Earthsea. Ilitoka 1990, miaka 18 baada ya The Farthest Shore, na wengi waliotaka merikebu na mazimwi wakampata mjane wa makamo kwenye shamba la Gont, mtoto aliyechomwa moto, na Ged asiye na uchawi tena. Hiyo si juzuu iliyoshindwa. Mwandishi aliligeuza jicho kusudi, akauliza dunia ile inaonekanaje kwa asiyekuwa na fimbo ya uchawi. Usiiruke wala usiipitie mbio.

Kinachosaidia ni kurudia The Tombs of Atuan siku chache kabla, maana Tenar wa huko ndiye huyu mjane, na bila yeye mwanzo wa Tehanu unaonekana umetoka hewani. Kisha usirukie The Other Wind. Pitia Tales from Earthsea kwanza, hasa kisa cha Dragonfly kilicho mwishoni, kwa sababu ndicho daraja kati ya hivyo viwili.

Dada_wa_Mwembe_Tayari

Neno kwa wanaonunua mitumba ya vitabu mjini. Juzuu hizi nene za jalada laini zina gundi mgongoni, na joto letu la kaskazi huilegeza. Ukikunjua kitabu kwa nguvu, kurasa za katikati zinatoka kwa mafungu. Kabla ya kulipa fungua katikati, kisha hesabu namba za kurasa sehemu tatu au nne. Nyumbani usikipange kikagusa ukuta wa nje, unyevu wa pwani unapita na ukungu huanzia kwenye kingo.

MsomiWaTudor

Basi nafuata mpango wa sura, na Elayne ya 10 peke yake. New Spring iingie wapi? Naona ni ya 2004, kati ya juzuu ya 10 na ya 11.

Bin_Makadara

Iweke hapo hapo ilipochapishwa. Inarudi nyuma kabla ya juzuu ya 1, kwa Moiraine na Lan, ni fupi na ina mwendo, na baada ya juzuu ya 10 ndicho unachokihitaji. Kisha Knife of Dreams: hiyo ndiyo ya mwisho Jordan kuimaliza mwenyewe kabla hajafariki mwaka 2007, na humo anazikusanya nyuzi nyingi zilizolegea. Mat na Perrin wote wawili wanapata walichokuwa wakikitafuta. Zile sura za Mat za 28 na 29 zirudie jioni moja kabla ya kuianza.