MJADALA: Mjusi wa Kindope aendelee kubeba jina la Lettow-Vorbeck?

Mtoa mada (Lindi):

Wakuu wa Lindi na Mtwara, salaam. Tukitaja mjusi wa Tendaguru, wote tunamuwaza yule dinosaria, Giraffatitan, aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin tangu 1937. Leo nawaletea mwenzake asiyesemwa.

Huko Kindope, karibu na kilima cha Tendaguru, Wajerumani walifukua lundo la mifupa ya mjusi mla majani aliyetembea kwa miguu miwili, wadogo kwa wakubwa wamelaliana. Kisayansi anaitwa Dysalotosaurus lettowvorbecki. Ni wa ukoo wa wale dinosaria wenye mdomo wa bata wanaochorwa sana kwenye vitabu vya watoto, ila yeye aliwatangulia mbali. Wa kwetu aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Wenye mdomo wa bata walitamba zama za dinosaria zikielekea ukingoni.

Sasa tazameni nusu ya pili ya jina. Uchimbaji wa Wajerumani ulianza 1909, ukaisha 1913. Paul von Lettow-Vorbeck alikuja kuongoza jeshi lao mwaka 1914. Hakushika sururu hata siku moja. Kilichomfikisha Lindi ni vita: Oktoba 1917 alipigana Mahiwa, na majeshi ya pande zote mbili yalipopita chakula cha wanavijiji kilibebwa na wanaume wakageuzwa wapagazi. Waliokufa kwa njaa na maradhi ni wengi mno, na wengi majina yao hayakuandikwa popote. Miaka ya nyuma alikuwa Namibia, kwenye vita dhidi ya Waherero na Wanama. Huyo ndiye aliyetunukiwa mjusi wetu.

Linganisheni na Marekani. Dinosaria wao wa mdomo wa bata, Hadrosaurus foulkii, ana jina la William Parker Foulke, aliyesikia habari za mifupa shambani Haddonfield, New Jersey, akasimamia ifukuliwe mwaka 1858. Miaka kumi baadaye ikasimamishwa Philadelphia, mifupa ya kwanza ya dinosaria kusimamishwa duniani. Jina limekwenda kwa aliyehangaika.

Waliohangaika hapa wanajulikana. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi wa wachimbaji. Mamia ya wenzake walichimba, wakaizungushia mifupa mianzi isivunjike, kisha wapagazi wakaibeba kwa miguu siku kadhaa mpaka bandarini Lindi. Boheti alisubiri hadi 2007 ndipo mjusi mwingine wa Tendaguru akaitwa Australodocus bohetii. Mwaka 2019 akafuata Wamweracaudia, na Wamwera wakaingia kwenye sayansi.

Msimamo wangu: jina la Lettow liondolewe, liwekwe la Kindope. Najua tume ya kimataifa ya majina ya wanyama ilisema mwaka 2023 kwamba haibadilishi majina kwa sababu za kimaadili, eti sayansi itavurugika. Mbona wataalamu wa mimea mwaka 2024 walipiga kura kurekebisha majina zaidi ya 200 yaliyotokana na tusi wanalotukanwa Waafrika weusi?

Mchangiaji (Nachingwea):

Mkuu, mifupa iko Berlin, wewe unahangaika na jina? Irudi kwanza, watalii waje, vijana wapate kazi. Hilo jina refu huku nani analisoma?

Mtoa mada:

Kaka, mifupa naitaka kama wewe. Lakini kuirudisha kunataka serikali mbili zikae, jengo linalostahili na wataalamu wa kuitunza. Halafu mingi ya huyu wa Kindope iliharibika Berlin wakati wa Vita Kuu ya Pili. Jina halisubiri meli wala jengo. Na wanaolisoma wapo: mwanafunzi yeyote wa Lindi akitafuta wanyama wa kale wa mkoani kwake, analikuta.

Mchangiaji (Mtwara, mwalimu):

Mimi nafundisha, na hapa sikubaliani nawe. Jina hilo ndilo linalomfanya mtoto aulize, "Huyu Lettow ni nani?" Hapo napata mlango wa kumweleza Mahiwa na wapagazi. Ukilifuta, mlango umefungwa. Na lipo kwenye machapisho ya miaka mia moja, yote hayo utayafanyaje?

Mtoa mada:

Mwalimu, hoja yako ni nzito kuliko ya tume. Ila kwenye elimu ya wanyama jina la zamani halipotei, huandikwa pembeni ya jipya kila orodha inapotengenezwa, kwa hiyo machapisho yatasomeka. Mtoto atauliza vilevile, tena atauliza kwa nini liliondolewa. Ninachokataa ni heshima. Kumpa mtu mnyama ni kumtukuza, na sisi wajukuu wa wapagazi hatukuulizwa. Hadi wakubwa waamue, nashauri vibao na masomo yote ya Lindi na Mtwara yatumie Dysalotosaurus peke yake, na Kindope itajwe.

Mchangiaji (Mtwara, mwalimu):

La vibao nakuunga mkono. La kufuta, bado. Ukiandika barua kwa hiyo tume, iweke hapa tuisome kabla haijatumwa.