Uwiano 1:51 wakati darasa la I lina watoto 184: hesabu hii inatoka wapi?

MjumbeKamati
Habari wakuu. Nina takwimu za Machi 2025 za shule ya msingi ya serikali, zinaenda kwenye kikao cha kamati. Wanafunzi 1,012 (wasichana 523, wavulana 489), walimu 20, vyumba 11. Awali 96, la I 184, la II 171, la III 148, la IV 139, la V 104, la VI 92, la VII 78. La III, IV na V yana mikondo miwili miwili, mengine mmoja mmoja. Taarifa inasema uwiano wa mwalimu kwa wanafunzi ni 1:51. Inakuwaje, na la I wako 184 chumba kimoja? Na kama hakuna fedha ya kujenga, tufanyeje?

Chaki_Nyeupe
Hiyo 1:51 ni wanafunzi wote kugawa kwa walimu wote. Mwalimu mkuu yumo, aliye likizo ya uzazi yumo, aliye masomoni yumo. Haisemi lolote kuhusu chumba. Gawa 1,012 kwa vyumba 11 upate 92, halafu shuka darasa kwa darasa: la V wako 52 kwa mkondo, la I 184. Wastani umeficha wadogo, na hao ndio wanaofundishwa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), ambapo mwalimu lazima apite kuangalia kila daftari.

Ikama (idadi ya walimu inayotakiwa) nayo msiipige kwa mkupuo. Awali ni 1:25, kwa hiyo 96 wanahitaji walimu 4. Waliobaki 916 kwa 1:45 ni walimu 21. Jumla 25, pengo ni 5. Mkichanganya wote kwa 1:45 mtapata 23, na barua ya maombi itaomba walimu 3 tu.

Mratibu wa Ratiba
Bila kujenga, zamu mbili kwa la I na la II. Vyumba vyao viwili vitumiwe na la I asubuhi (92 kila kimoja), la II mchana (85 na 86). Vipindi vyao ni vya dakika 30, siku inatosha. Zamu hukwama kwenye walimu: ukimwachia yuleyule asubuhi na mchana, wiki ya tatu zamu ya mchana imekufa. Tengeni wanne, wawili kila zamu. Kubalianeni pia na wazazi kuhusu chakula na kurudi nyumbani. Wa mchana ndio huanza kutoroka.

92 bado ni wengi mno. Chumba cha watoto 45 hupangwa madawati 15 ya watatu watatu.

Chaki_Nyeupe
Kabla ya kugawa, hakikini majina. Mtoto akihama bila uhamisho kukamilishwa kwenye PREM (mfumo wa Baraza la Mitihani la Tanzania wa kumbukumbu za wanafunzi), jina linabaki shule ya zamani. Linganisheni PREM, rejista ya mahudhurio na vichwa vilivyopo darasani, kwa wiki mbili, siku ya gulio ikiwemo. Na ule mgawanyo wa jinsia utumieni kwenye vyoo: tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25, yaani matundu 27 na 20.

MjumbeKamati
Asanteni sana. Vipi tukiunganisha la V ili la I lipate chumba?

Mratibu wa Ratiba
Hapana mkuu. Utawaweka 104 pamoja, na hao ndio la VII la 2027. Subirini hapohapo: la IV la 2025 liko kwenye mtaala mpya wa miaka sita, litamaliza la VI mwaka huohuo wa 2027. Madarasa mawili yanatoka pamoja, na Januari 2028 shule inabaki na la I hadi la VI. Mikondo minne inaachia vyumba. Andikeni kwenye muhtasari wa kikao hiki kwamba viwili vya kwanza ni vya la I, kabla havijageuzwa stoo.